Kama Mnavyoona Hapo Kushoto

Mke wangu alihitaji mtu asiyejua kitu, akanichagua mimi. Aliniambia bila kuzunguka, akiwa anamenya viazi jikoni.

"Baba watoto, nataka mtu ambaye hajawahi kusoma biolojia hata siku moja. Nimpate wapi mwingine kama wewe?"

Sikukasirika. Shule niliiacha mapema nikaingia kwenye ufundi wa makochi, na humo ndimo ninamozeekea. Naunga fremu, navuta elastiki, nakata sponji, navisha kitambaa. Nikiwa kazini misumari midogo naishika kwa midomo, ndiyo maana mtaani wananiita Misumari. Yeye alisoma. Nilimwoa akiwa mwanafunzi, akaendelea kusoma kwenye meza ya chakula huku watoto wakimpanda mgongoni, mpaka akawa mwalimu wa chuo kikuu. Lakini alikuwa bado kwenye majaribio. Ili athibitishwe kazini, ilibidi apite mtihani mmoja ambao chuo chao kilikuwa kimeuanzisha.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi. Kila mwalimu aliye kwenye majaribio analeta ndugu yake mmoja, mtu mzima asiyejua somo lake. Anafundisha mada moja mbele ya jopo, na wageni wote wa siku hiyo wanakaa kama wanafunzi. Akimaliza, ndugu yake anasimama na kueleza alichoelewa, kwa maneno yake mwenyewe. Anayepimwa ni mwalimu. Kama ndugu hakuelewa, basi mwalimu aliongea tu, hakufundisha. Sharti lilikuwa moja: mgeni asiandaliwe mapema.

"Kwa hiyo usisome kitu, wala usiniulize kitu," mke wangu aliniambia. "Njoo kama ulivyo."

"Nilivyo ndivyo vipi?"

"Kichwa kitupu."

Alicheka, na mimi nikacheka. Kisha nikarudi karakanani, na kicheko kikaniisha njiani.

Mwaka uliopita alinipeleka kwenye karamu ya idara yao. Mwalimu mmoja mwenye miwani akaniuliza, "Na wewe uko idara gani?" Nikamjibu, "Idara ya makochi." Watu walivunjika mbavu, walidhani ni utani. Mke wangu naye alicheka, ila kicheko chake kilikuja mwisho na kilikuwa kifupi kuliko vya wote. Tangu hapo, nikiwa kati ya wasomi natikisa kichwa tu. Mtu akisema jambo nasema ndiyo, ndiyo, nimeelewa. Inasaidia sana. Ukishasema umeelewa, hakuna anayekuuliza tena.

Sasa hapa nilikuwa naambiwa nitasimama mbele yao, nieleze. Usingizi ukawa wa mang'amung'amu.

Jumamosi asubuhi mke wangu alifanya mazoezi sebuleni. Aliweka kompyuta yake juu ya meza, akawa anahutubia makochi matupu kana kwamba yamejaa wanafunzi. Mimi nilikuwa varandani nagongea kigoda mguu. Nikaacha nyundo, nikaiweka simu dirishani nyuma ya pazia, nikairekodi sauti yake mwanzo mpaka mwisho. Nilijiambia namsaidia. Kama mtihani ni mimi nielewe, basi nitaelewa hata iwe kwa nguvu.

Siku zote zilizobaki sauti yake ilikuwa inazungumza karakanani, toka nafungua mpaka nafunga. Seremala mwenzangu, tunayegawana naye banda, alivumilia kwanza, halafu akashindwa.

"Misumari, hiyo ni redio gani isiyopiga hata wimbo mmoja?"

"Hiyo ni sauti ya shemeji yako."

"Lo! Kwani nyumbani hamalizi kukusema, mpaka akufuate na huku?"

"Ananifundisha."

"Anakufundisha nini?"

Nikafungua kinywa, yakatoka yote, bila kukwama: "Osmosisi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando unaochagua, kutoka kwenye myeyusho hafifu kwenda kwenye myeyusho mzito."

Seremala aliweka randa chini. "Maana yake?"

"Maana yake ndiyo hiyo hiyo," nikasema.

Akanitazama, akaokota randa yake. "Haya, profesa. Nisogezee huo ubao."

Siku ikafika. Nilivaa shati nililovaa kwenye harusi ya mdogo wangu. Chumba kilikuwa cha mikutano, ghorofa ya pili, viti vyenye kimeza pembeni. Vitambaa vya viti vilikuwa vimepigwa pini ovyo, nikafurahi kidogo kuona kwamba hata kwa wasomi kuna waliolipua kazi. Mbele walikaa watu wa jopo. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwembamba, mkuu wa kitengo kinachowafundisha walimu kufundisha. Mke wangu alikuwa amenidokeza kwamba walimu wanamwita Bi Kimya, kwa sababu akiuliza swali ananyamaza kabisa na kukutazama, hata kama utachukua mpaka kesho kujibu.

Alianza mwalimu wa hesabu, kijana mtanashati, aliyemleta mama mkwe wake. Alifundisha kwa madaha. Ilipofika zamu ya mama mkwe kueleza, bibi yule alisimama, akavuta khanga yake vizuri.

"Mkwe wangu amesema vizuri," akaanza. "Sauti anayo. Shati safi. Binti yangu hakukosea. Ila alichokuwa anakisema, jamani, mimi sijakiona kilipopita."

Chumba kizima kilicheka. Yule kijana alitazama viatu vyake.

"Asante, bibi," Bi Kimya akasema, yeye hakucheka. "Umetusaidia."

Nilimwonea huruma yule mwalimu. Nikajiambia moyoni: mimi wangu simwangushi.

Mke wangu akafuata. Kama kawaida yake, alikuwa amejipanga. Slaidi zilipita ukutani moja baada ya nyingine, michoro ya seli, mishale, maandishi. Alileta na bakuli mbili zenye vipande vya viazi, moja ina maji ya chumvi, nyingine maji matupu, akaziinua juu tuzione kwa mbali, akatuambia kitakachotokea, akaziweka chini. Aliongea haraka kwa sababu ya muda. Kila baada ya slaidi kadhaa aligeuka.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo!" tukajibu, mimi kwa sauti kuliko wote.

"Kuna swali?"

Kimya. Slaidi inayofuata.

Alipomaliza alizima ile mashine ya slaidi, akanitazama kwa macho ya kunitia moyo. Niliitwa mbele. Nilipiga moyo konde, nikasimama pale aliposimama yeye, nikaanza.

Jamani, nilitiririka. Osmosisi ni mwendo wa maji. Utando unaochagua. Myeyusho hafifu, myeyusho mzito. Kiazi cha kwenye chumvi kinalegea, cha kwenye maji matupu kinakakamaa. Niliona watu wa jopo wakiinua nyuso. Niliona mke wangu amefungua kinywa kidogo, na nikadhani ni furaha. Nikaongeza kasi.

"Utando huu," nikasema, na mkono wangu ukainuka wenyewe, "kama mnavyoona hapo kushoto, una vitundu vidogo sana. Mlio nyuma, mnauona?"

Watu wakageuka kushoto. Kushoto palikuwa na ndoo ya takataka na ufagio.

Mtu mmoja alikohoa. Bibi wa khanga akasema kwa sauti ya kunong'ona ambayo ilisikika chumba kizima, "Anauona wapi?"

Ningenyamaza hapo. Lakini kitu ulichokishika kwa kukisikiliza hivyo hakina breki, ukikianza lazima kiishe. Nikaendelea. "Chukueni mfano wa konokono asiye na gamba. Mwagia chumvi, maji yote yatamtoka. Tusimwonee huruma sana, anatumikia sayansi." Nikatabasamu mahali ambapo mke wangu hutabasamu.

Nikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi.

Bi Kimya alivua miwani. "Asante sana. Umeeleza kwa ufasaha. Nina swali dogo. Mtu amepanda mchicha nyuma ya nyumba. Kwa bahati mbaya akaumwagilia maji yenye chumvi nyingi. Mchicha huo utakuwaje?"

Halafu akanyamaza.

Nilitafuta kwenye ile rekodi kichwani. Mchicha haumo. Nikaitafuta tena toka mwanzo. Kulikuwa na kiazi, kulikuwa na konokono. Lakini kitu kikitiwa maji kinakakamaa, hilo nililikumbuka.

"Utasimama vizuri," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu osmosisi ni mwendo wa maji kupita kwenye utando unaochagua, kutoka kwenye myeyusho hafifu..."

"Myeyusho ni nini?"

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Ni ule mzito," nikasema. "Na kuna mwingine hafifu."

Mtu mmoja wa jopo, bwana mwenye kipara, aliegemea mbele. Hakuwa na sauti ya ubaya, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Samahani, ndugu. Huyo konokono umemtoa wapi? Leo mwalimu hakumtaja konokono."

Na kweli. Alikuwa amemruka kwa sababu ya muda. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu nasimulia habari za konokono ambaye hakuwepo, chini ya mchoro ambao haukuwepo.

"Mwalimu," yule bwana akamgeukia mke wangu, "mgeni wako aliandaliwa?"

"Hapana," mke wangu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Sijui ameyatoa wapi. Nasema kweli."

Wakatazamana. Walikuwa hawamwamini, na mimi katika hali yao nisingemwamini. Miaka yote ile ya kusoma na watoto mgongoni, na sasa ataonekana mdanganyifu. Natamani niseme kwamba niliruka hapo hapo kumtetea. Nilisimama kama gogo. Kusema kweli kulikuwa na maana ya kusema kila kitu, mbele ya bibi wa khanga na vijana wenye tai.

"Mimi nilimrekodi," nikasema hatimaye. "Alikuwa anafanya mazoezi nyumbani. Niliweka simu nyuma ya pazia. Yeye hajui mpaka sasa hivi."

"Kwa nini?" Bi Kimya akauliza, kisha akanyamaza kama kawaida yake.

"Sikutaka nionekane mjinga."

"Mbele yetu?"

"Mbele yenu. Na mbele yake."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili, ningeanguka kwenye chumba kingine cha wasomi.

Bi Kimya hakunikaripia. Alimgeukia mke wangu, akasema taratibu, "Mimi namwamini. Maana konokono huyu tunafahamiana. Nilisoma karatasi za mitihani ya wanafunzi wako mwaka jana. Karibu darasa zima walimwandika, pamoja na ule utani wa kutumikia sayansi. Neno kwa neno. Tulipobadilisha swali kidogo tu, wachache sana waliweza kujibu. Nilikuwa najiuliza wanafanyaje. Leo mumeo ametuonyesha."

Nilimwona mke wangu akiyapokea maneno hayo, uso wake ukibadilika. Nilikuwa nimetegemea ataona haya kwa ajili yangu. Sasa aliona haya kwa ajili yake, na mimi ndiye niliyeyaleta mezani. Bado ningependelea anione mimi ndiye mjinga peke yangu.

"Muda wangu umebaki?" akauliza.

"Umebaki kidogo."

"Naomba nianze upya. Na huyu huyu."

Hakuwasha mashine. Alizichukua zile bakuli mbili, akaja nilipokuwa nimesimama, akanipa kipande cha kiazi mkono huu na kipande mkono huu.

"Bonyeza," akasema. "Niambie unasikia nini. Usiniambie nilichosema mimi."

Nikabonyeza. "Hiki kimelegea kama sponji iliyochoka. Hiki kigumu."

"Vilipotoka sokoni vilikuwa sawa. Hiki kilicholegea kimepungukiwa nini?"

Nikafikiri. "Nguvu."

Nilimwona anataka kunisahihisha. Namjua, kidevu chake huwa kinaruka. Akakizuia. Akasubiri. Yule mke wangu ambaye hawezi kusubiri chai ipoe, alisubiri.

"Chumvi imekila," nikasema.

"Bibi," akamgeukia mama mkwe wa yule kijana, "wewe unasemaje? Chumvi imekila kiazi?"

"Ingekila kingepungua kando kando," bibi akasema. "Hebu lete nione." Akakishika, akakibinya. "Hakijaliwa hiki. Kimesinyaa tu. Kama mimi."

"Kusinyaa na kuliwa si kitu kimoja?" nikamuuliza.

"We baba, hujawahi kufua? Nguo ikikauka imeliwa?"

"Nguo inakauka maji yakitoka."

"Ehe!"

"Basi na hiki..." Nilikibonyeza tena. "Maji yametoka humu ndani."

"Yameenda wapi?" mke wangu akauliza.

Nikatazama bakuli. "Humo. Kwenye chumvi."

"Una uhakika, au unanifurahisha?"

Swali hilo hakuwahi kuniuliza tangu nimwoe. "Nina uhakika," nikasema, na nilikuwa nao.

"Na mchicha?"

Ilichukua muda. Bibi alitaka kusema, mke wangu akamwinulia kiganja kwa adabu. Nikauona mchicha, nikauona udongo umejaa chumvi, nikayaona maji yakishuka kwenye mizizi kwenda nje badala ya kupanda ndani. "Utalegea," nikasema. "Udongo utayavuta maji yake. Niliposema utasimama, nilikosea."

"Muda umekwisha," akasema bwana mwenye kipara.

Kati ya mambo yote aliyopanga kufundisha, alikuwa amefundisha moja, kwa mtu mmoja na nusu.

Tulitolewa nje wakashauriana, kisha tukaitwa. Bi Kimya ndiye aliyesema. Kwamba suala la kurekodi wamelisikia na wamelifuta. Kwamba hizi dakika za mwisho wamezipenda. "Lakini hatuwezi kukuthibitisha kwa dakika chache. Mwanzoni ulikuwa na viazi, ukaviinua tuvione kwa mbali. Muhula ujao nitaingia darasani kwako, nikae nyuma. Tutaamua baada ya hapo."

"Nimeelewa," mke wangu akasema haraka.

Ilikuwa sauti yangu kabisa. Ile ninayoitumia karamuni.

Tulishuka mpaka kwenye ngazi za nje, akakaa pale pale kwenye saruji, na gauni lake zuri. Nikakaa karibu naye. Viganja vyangu vilikuwa bado vina unga wa kiazi.

"Nisamehe, mama watoto."

"Kwa lipi?"

"Kwa simu. Kwa yote."

"Simu wameisamehe wao." Alikuwa hanitazami. "Nilipouliza kama mmeelewa, ulisema ndiyo kwa sauti kuliko wote. Huku unanitazama usoni. Hicho ndicho kinachonichoma."

"Nimezoea tu."

"Umezoea toka lini?"

Nikajifuta unga wa viganjani kwenye suruali. Wanafunzi walipita, wakamwamkia, "Shikamoo, mwalimu," akawaitikia kwa mkono bila kuinua uso.

"Ile nafasi ya kwenda kusoma mbali," akasema. "Niliyoikataa. Nilikaa na wewe kitandani nikakueleza sababu. Ukasema umeelewa."

"Nilisema."

"Ulielewa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa mdomoni tayari, limekaa mahali pake.

"Hapana," nikasema.

Akaufunika uso kwa viganja. Nilidhani analia, lakini alipovitoa macho yalikuwa makavu. "Na mimi nililijua hilo," akasema. "Nadhani nililijua. Ila jibu lako lilinitosha. Ukishasema umeelewa, mimi naendelea na slaidi inayofuata."

"Niambie sasa. Kwa nini uliikataa?"

Akafungua kinywa haraka, kama mtu mwenye jibu lililokwisha pangwa. Halafu akakifunga. Akageuka, akanitazama vizuri, goti lake likagusa langu.

"Wewe unadhani kwa nini?"

"Kwa sababu ya watoto."

"Watoto tu?"

Akanyamaza. Nilisubiri anisaidie, hakunisaidia. Mlinzi wa mlangoni alikuwa anatutazama. Nikajua kwamba sababu iliyobaki nilikuwa naijua muda wote, na kwamba ilikuwa imekaa pale kwenye ngazi imevaa shati la harusi. Nikaanza kueleza. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena, na yeye akaniacha nitafute.